Ndege Iliyolala Nayo Yataka Mlinzi

Katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya kulikuwa na mzee mmoja aliyelinda kiwanja kidogo cha ndege. Mzee huyo hakuwa amepata kupanda ndege hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi na punda wasikatize njia ya kurukia, na kukesha kando ya ndege yo yote iliyolazimika kulala pale. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na wenziwe wa sokoni walizoea kumtania, wakisema kwamba analipwa ili atazame chuma kikisinzia. Yeye hakuwajibu neno. Alikuwa mfugaji tangu utoto wake, naye alijua kwamba mara nyingi mifugo haipotei mchana mbele ya macho ya watu, bali hupotea usiku, mwenyewe akidhani kwamba imekwisha kufika zizini salama.

Watu wengi hufikiri kwamba hatari ya ndege iko juu mawinguni tu, na kwamba ikisha kugusa ardhi na injini ikanyamaza, basi mashaka yote yamekwisha. Fikira hiyo si sawa. Tangu Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni yake ya ndege mjini Nairobi mwaka 1929, huyo ambaye kiwanja cha Wilson kimepewa jina lake, ndege ndogo zimekuwa zikitua mahali pengi ambapo hapana banda, wala ukuta, wala taa. Na ndege ndogo ni chombo chepesi mno. Aina moja inayojulikana sana, Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, ina mabawa ya mita 11 kutoka ncha hata ncha, lakini ikiwa tupu uzito wake ni kama kilo 750 tu, nao ni pungufu ya uzito wa magari mengi madogo ya abiria.

Bawa la ndege limeundwa ili liinuliwe na hewa inayopita kwa kasi, nalo halina akili ya kujua kama ni ndege inayokimbia au ni upepo unaovuma. Ndege ya namna hiyo huweza kubebwa na hewa katika mwendo wa kama kilomita 90 kwa saa. Kwa hiyo dhoruba yenye nguvu kama hiyo ikiikuta imesimama bila kufungwa, yaweza kuiinua, kuipindua na kuilaza chali. Tena yafaa kukumbuka kwamba upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya bawa huzidi mara nne. Tarehe 31 Machi, 2011, katika maonyesho ya ndege huko Lakeland, jimbo la Florida, Marekani, kimbunga kilipita kiwanjani na kuharibu makumi ya ndege zilizokuwa zimeegeshwa. Baadhi yake zilikuwa zimefungwa, lakini hazikufungwa kwa nguvu ya kutosha kuushinda upepo ule.

Jioni moja, miaka mingi iliyopita, ndege ndogo ilitua katika kiwanja cha mzee jua likiwa karibu kuzama. Ilimleta daktari pamoja na chupa za damu, kwa kuwa katika zahanati ya hapo kulikuwa na mama aliyejifungua asubuhi, na damu yake haikutaka kukoma. Haikuwezekana kumchukua usiku ule, maana kiwanja hakikuwa na taa hata moja. Daktari akaenda zahanati kukesha na mgonjwa, na rubani na mzee wakabaki na ndege. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya, na umeme ulikuwa ukimulika.

Kwanza waliisukuma ndege hata pua yake ikaelekea huko upepo ulikokuwa ukitoka, kwa sababu upepo ukija kwa nyuma au kwa ubavu huleta madhara zaidi. Kisha wakaweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu, sawa na utingo anavyotia jiwe chini ya gurudumu la lori mlimani. Baada ya hayo wakaja kwenye vigingi. Kigingi kilichopigwa kwa nyundo tu, kama cha kufungia mbuzi, hushika vizuri ardhi ikiwa kavu, lakini mvua ikiloanisha udongo hung'oka kwa urahisi, na saa ya mvua ndiyo saa ya dhoruba. Rubani yule alikuwa amechukua vigingi vya chuma vilivyosokotwa kama skrubu, ambavyo huzungushwa hata vikazama ardhini. Katika viwanja vikubwa pete za chuma huzikwa ndani ya saruji. Na mahali penye mchanga mtupu mzee alikuwa na njia yake mwenyewe: kuchimba shimo refu, kulaza ndani yake gogo lililofungwa kamba katikati, na kulifukia kwa kushindilia sana. Gogo lililofukiwa hivyo halitoki upesi.

Kamba nazo zina elimu yake. Mtu aliyezoea kamba za nyuzi za mimea, kama zile za katani, anajua kwamba zikilowa maji hujikaza. Kamba ya namna hiyo ikivutwa kabisa wakati wa jua, usiku wa mvua itaikamua ndege na huenda ikaliumiza bawa. Ikilegezwa mno, ndege itapata nafasi ya kurukaruka na kujikutua, na kila mkutuo utailegeza zaidi. Shauri la mabingwa ni kuacha nafasi ya upana wa kidole gumba, yaani kama sentimita 2 na nusu. Kamba za nailoni hazijikazi hivyo, na kwa sababu hiyo marubani wengi huzipenda. Wakuu wa mambo ya ndege wa Marekani walipata kushauri kwamba kamba ya ndege ndogo iweze kustahimili mvuto wa ratili 3,000, nazo ni kama kilo 1,360. Hufungwa mahali patatu, yaani kila bawa na mkia, na kila kamba hupitishwa katika pete iliyowekwa kwa kazi hiyo. Haifai kuifunga kwenye mhimili unaoshikilia bawa, maana kamba yaweza kuteleza hata katikati ya mhimili na kuupinda.

Walipokwisha kufunga, mzee alichukua panga lake akaenda vichakani, akarudi akikokota matawi ya miiba. Akayazungusha kila gurudumu kama mtu anayejenga boma la ndama. Kinga hii haiuzwi dukani, walakini katika nchi za wanyama wa mwitu imeokoa safari nyingi, kwa sababu fisi hupenda kutafuna mipira ya magurudumu, na hata simba wamejulikana kufanya hivyo. Mahali palipo mbali na mji, tairi moja lililotafunwa ni safari iliyokufa.

Mwisho kabisa rubani alifungua mfuko wa turubai uliokuwa na vitu vitano, na kila kimoja kilikuwa na utepe mwekundu. Viwili vilikuwa vizibo vya sponji vya kutia katika matundu ya mbele ya injini, kwa sababu ndege wa angani hujenga kiota humo kwa muda mfupi sana, na majani makavu karibu na injini ya moto ni hatari kubwa. Cha tatu kilikuwa pini ya kufungia usukani ndani ya chumba cha rubani, ili vibao vya mabawa na mkia visipigwepigwe na upepo hata bawaba zake zikavunjika. Cha nne kilikuwa kibano cha kushikilia usukani wa mkia kwa nje. Cha tano kilikuwa kidogo kuliko vyote: ala ya ngozi, ndefu kama kidole, ya kufunika bomba jembamba lililo chini ya bawa la kushoto. Kwa bomba hilo hewa huingia wakati wa kuruka, na kwa nguvu ya hewa hiyo saa iliyo mbele ya rubani humwonyesha mwendo wake. Rubani asiyejua mwendo wake hajui kama bawa bado linabebwa na hewa au li karibu kuanguka. Na nyigu wa matope hapendi nyumba nyingine kama tundu jembamba la namna hiyo.

Rubani akafunika kioo cha mbele kwa kitambaa laini, akafunga milango kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. Hilo nalo si jambo la kudharau. Kati ya mwaka 2008 na 2010 kijana mmoja wa Marekani, asiyepata kufundishwa urubani katika chuo cho chote, aliiba ndege ndogo kadhaa viwanjani na kuruka nazo, mpaka alipokamatwa na kufungwa. Ndiyo maana siku hizi kuna makufuli ya kufungia pangaboi, kama vile mtu anavyotia mnyororo katika gurudumu la baisikeli.

"Mzee," rubani akasema, "vitu hivi vitano asubuhi vyote virudi katika mfuko huu."

"Nimesikia, Bwana," mzee akajibu. "Vitano vimetoka, vitano vitarudi."

Usiku wa manane dhoruba ilifika. Upepo ulikuja kabla ya mvua, ukabeba mchanga na vijiti, na mabati mawili ya paa la duka yakang'oka. Mzee alijikunyata nyuma ya ukuta wa tangi la maji, akaiona ndege katika mwanga wa umeme ikiinuka kidogo, ikivutwa na kamba, ikishuka, ikiinuka tena. Mvua ilipopungua alizunguka na taa yake akagusa kila fundo kwa mkono. Vigingi vilikuwa mahali pake. Miiba ilikuwa imesogea, akairudisha.

Alfajiri wakaja watu mbio kutoka zahanati, wamembeba mama juu ya machela. Daktari hakuwa amelala. Alisema kwamba damu aliyoileta imekwisha, na kwamba mgonjwa hana budi kufika penye chumba cha upasuaji kabla jua halijawa kali. Mume wake alitembea kando ya machela ameshika kitoto kilichofungwa katika shuka, naye hakusema neno. Hapo kila mtu akaanza kufanya haraka. Rubani alifungua kamba, akavuta kibano cha mkia, akavuta vizibo, akatoa pini ya usukani, na kila kitu alikirusha kwa mzee huku akienda. Akaizunguka ndege mara moja, akitazama juu na chini kama ilivyo desturi, akaingia, akafunga mlango.

Mzee alitia mkono katika mfuko akahesabu. Vinne. Akahesabu tena akiviweka chini kimoja kimoja juu ya nyasi. Vinne. Injini ilikuwa imekwisha kuwaka, na watu walikuwa wakirudi nyuma wakishika nguo zao kwa ajili ya upepo wa pangaboi.

Mzee hakujua bomba lile ni la kazi gani. Hakuna mtu aliyepata kumweleza. Lakini alijua vitano si vinne. Akakimbia hata mahali rubani angeweza kumwona vizuri, mbali na pangaboi, akasimama mbele ya njia ya kurukia, akainua mikono yote miwili na kuonyesha vidole vinne, kisha vitano, kisha vinne tena. Rubani alimpungia mkono kwa hasira kwamba aondoke. Mzee hakuondoka. Mume wa mgonjwa, aliyekuwa ameachwa chini kwa kukosa nafasi, alipiga kelele akimtaka mzee apishe, maana mke wake anakufa. Hata hivyo hakuondoka. Basi rubani akazima injini, akashuka.

"Nini tena, Mzee?"

"Bwana, umenipa vinne."

Rubani akageuka akaenda chini ya bawa la kushoto. Utepe mwekundu ulikuwa umekatwa na upepo wa usiku, haupo. Ala ya ngozi ilikuwa ingali pale, imelowa, imepakwa matope na mvua, rangi yake sawa na kivuli cha bawa. Alikuwa amepita mbele yake asiione, kwa kuwa macho yake yalitafuta wekundu. Akaivua, akaitazama kidogo, akamkabidhi mzee mkononi kwa mikono miwili. Ndege ikaruka. Kucheleweshwa kwake hakukupita dakika tano. Mama yule alifika, akapasuliwa, akapona. Mwezi uliofuata mume wake alifika kiwanjani na mbuzi mmoja, akamkabidhi mzee na kumwomba radhi kwa kelele alizompigia.

Labda msomaji atauliza kama ala ndogo ya ngozi yaweza kweli kuua watu. Mambo yaliyoandikwa katika historia ya ndege yajibu swali hilo. Tarehe 6 Februari, 1996, ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 757 iliruka usiku kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa imekaa chini siku kadhaa, na mabomba yake ya kupimia mwendo hayakuwa yamefunikwa. Saa ya nahodha ikatoa habari za uongo, marubani wakachanganyikiwa, na ndege ikaanguka baharini. Watu wote 189 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea bomba moja lilikuwa limezibwa, na aliyeshukiwa hasa alikuwa nyigu wa matope.

Mwaka huo huo, tarehe 2 Oktoba, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo iliruka usiku kutoka Lima, katika nchi ya Peru. Hiyo ilikuwa imeoshwa, na waoshaji walikuwa wamebandika utepe wa gundi juu ya matundu yake ya kupimia hewa ili maji yasiingie. Kazi ilipokwisha, utepe haukubanduliwa. Saa za mwendo na za kimo zikadanganya, ndege ikaanguka baharini, na watu wote 70 wakafa. Basi katika mwaka mmoja, ndege moja ilipotea pasipo kifuniko, na nyingine ilipotea kwa sababu ya kifuniko.

Pini ya usukani nayo ina historia yake. Tarehe 30 Oktoba, 1935, katika kiwanja cha Wright Field, Ohio, Marekani, kampuni ya Boeing ilikuwa ikionyesha jeshi ndege yake mpya ya injini nne. Marubani walikuwa miongoni mwa mabingwa wa nchi ile. Ndege iliinuka, ikapanda wima mno, ikaanguka na kuwaka moto, kwa sababu kufuli la kuzuia vibao vya mkia wakati wa upepo lilikuwa halijafunguliwa. Meja Ployer Hill na Leslie Tower walikufa kwa ajali hiyo. Baada ya msiba ule marubani wa jeshi walitengeneza orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni mwote. Hata hivyo tarehe 31 Mei, 2014, huko Bedford, Massachusetts, ndege ya watu wachache yenye injini za jeti ilikimbia njiani kufuli lake likiwa bado limefungwa. Marubani hawakuwa wamefanya majaribio ya usukani yaliyoandikwa katika orodha. Watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Katika habari hizi zote hakuna kifaa kilichokuwa kibovu. Pini ilishika, utepe wa gundi uliziba, ala ilifunika. Kila kinga ya ndege ina kazi mbili: kuwekwa wakati wake na kuondolewa wakati wake. Tena anayeiondoa, mara nyingi, ni mtu mwenye haraka, na mara nyingi haraka yake ni ya haki, kama ilivyokuwa asubuhi ile. Hapo ndipo hesabu inapomsaidia, kwa sababu macho ya mtu mwenye haraka huona kile alichotazamia kukiona, lakini nne haigeuki kuwa tano kwa ajili ya haraka ya mtu ye yote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karani anayefunga sefu na mkulima anayerudisha mbuzi zizini wote wawili wanalijua jambo hilo, hata kama hawajapata kuikaribia ndege.

Baada ya siku ile rubani alishona tepe mpya, ndefu zaidi, kwa uzi wa nailoni. Naye mzee alichukua kisu akakata alama tano katika mti wa mlango wa kibanda chake, na chini ya kila alama akapiga msumari. Tangu hapo, kila ndege iliyolala katika kiwanja kile, vifaa vilipovuliwa asubuhi vilitundikwa kwanza kila kimoja katika msumari wake, na mzee hakuondoka njiani mpaka alipokwisha kuona kwamba hakuna msumari ulio mtupu.